Si Tasa, na Watoto Hawajaonekana

Walimu wetu wa hesabu walichagua neno zito. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe waliiita tasa, kama mke au mbuzi asiyezaa. Kwa watu neno hilo linaumiza na halipaswi kutupwa ovyo. Kwa namba halina aibu, tena limenipa njia ya kueleza jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. 7 ni tasa. 15 si tasa, maana ina 3 na 5. Je, yaweza kuwapo namba ambayo tuna hakika kabisa kuwa si tasa, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona mtoto wake hata mmoja?

Ipo. Inaitwa F24. Chukua 2, iweke kwenye kipeo cha 16,777,216, kisha ongeza 1. Ukitaka kuiandika yote utahitaji tarakimu 5,050,446. Ukipanga tarakimu 3,000 kila ukurasa, utapata kitabu cha kurasa zinazokaribia 1,700. Tangu mwaka 1999 tunajua kwamba namba hiyo inagawanyika. Inagawanyika kwa ngapi, hakuna ajuaye.

Suala hili nililipeleka kwa watu wawili wa nyumba moja, Tanga: mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu sekondari, na mtoto wa dada yake, kijana anayeandika programu za kompyuta. Niliweka hoja kama tulivyoziweka kwenye midahalo ya shule: “Namba ambayo vigawo vyake havijulikani, haijajulikana.” Mwalimu alitetea, kijana alipinga, mimi nikawa mwenyekiti.

MWALIMU: Mimi naanzia darasani. Mtoto akiniandikia kwenye daftari kwamba 91 si tasa, akaishia hapo, simpi alama. Namuuliza, umejuaje? Akinionyesha 7 mara 13, tumemaliza, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kumkagua. Sasa nyinyi mnaniambia F24 si tasa. Nauliza swali lile lile: mtoto yuko wapi? Kama hayupo, mmeniletea cheti cha hospitali, hamjaniletea mtoto.

KIJANA: Mama mdogo, kwa heshima zote, cheti cha hospitali si kitu kidogo. Ngoja nieleze kinavyoandikwa. Fermat, yule hakimu wa Toulouse, mwaka 1640 aliziangalia namba za namna hii: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja unaipata kwa kutoa 1 kwenye iliyotangulia, kuzidisha jibu kwa lenyewe, kisha kuongeza 1. Hizo tano zote ni tasa. Akaamini kwamba zote zitakazofuata, hata ziwe kubwa namna gani, zitakuwa tasa.

MWALIMU: Na akakosea. Inayofuata ni 4,294,967,297, nyinyi mnaiita F5. Euler aliimaliza mwaka 1732. Na angalia aliimaliza vipi! Hakuleta cheti. Aligundua kwamba kigawo chochote cha F5 lazima kiwe 64 mara namba fulani, ongeza 1. Namba tasa za umbo hilo ni chache ukianzia chini: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo yenyewe. 641 mara 6,700,417. Mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukaa leo usiku akazidisha na kumpa Euler haki yake. Mimi huko ndiko ninakokuita kujua.

KIJANA: Sina ugomvi na Euler. Lakini F5 ina tarakimu 10. Ukifika kwenye tarakimu milioni tano, kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine ni safari isiyo na mwisho. Kwa hiyo tunaiuliza namba swali jingine. Namba tasa zina tabia ambazo hazikosi hata siku moja. Padri mmoja Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, Pépin, alitoa kipimo mwaka 1877 kinachozifaa namba hizi za Fermat. Tujaribu kwa 17. Anza na 3. 3 mara 3 ni 9. 9 mara 9 ni 81. Gawa kwa 17, baki 13. 13 mara 13 ni 169. Gawa kwa 17, baki 16. Tumezidisha mara tatu, na baki la mwisho ni pungufu ya 17 kwa 1. Pépin anasema: baki likiwa hivyo, namba ni tasa, likiwa jingine lolote, si tasa. Hakuna jibu la tatu.

MWALIMU: Na kwa F5?

KIJANA: Unazidisha hivyo hivyo mara 31, kila mara ukibakisha baki tu. Kama F5 ingekuwa tasa, mwishoni ungekuta 4,294,967,296. Unachokikuta ni 10,324,303. Basi. Sikumhitaji 641.

MWALIMU: Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu. Dalili si mvua.

KIJANA: Hii si dalili. Mwanafunzi akikuletea pembetatu aliyoipima, pembe zake zote tatu zikajumlishwa kuwa nyuzi 170, unamwambia amekosea. Hujui amekosea pembe ipi. Lakini kwamba amekosea, unajua kwa hakika ile ile uliyo nayo kwamba 2 na 2 ni 4. F24 imeleta nyuzi 170.

Mfano huo ulimgusa Mwalimu, maana alinyamaza kidogo. Kisha akarudi na jambo ambalo watu wengi wanaozungumzia namba hizi hulipita.

MWALIMU: Sawa. Tuzungumze juu ya mashahidi. Kuna kipimo kingine, chepesi, kinachotokana na Fermat huyo huyo. Namba yoyote tasa kubwa kuliko 2, tuiite p: ukiweka 2 kwenye kipeo cha p kutoa 1, ukagawa jibu kwa p, baki ni 1. Kweli au si kweli?

KIJANA: Kweli.

MWALIMU: Sasa ipe F5 kipimo hicho. Inafaulu. F24 nayo inafaulu. Namba zote za Fermat zinafaulu, kwa sababu zimejengwa kwa 2 yenyewe. Kwa hiyo 2 anasimama kizimbani anaapa kwamba F5 ina kila tabia ya tasa, na 641 amekaa pale mlangoni anamsikiliza. Ukishaona shahidi mmoja wa namna hiyo, kwa nini umwamini 3?

KIJANA: Kwa sababu 2 hakusema uongo, Mama mdogo. Alichosema ni kwamba kila tasa huacha 1. Hakusema kwamba kila inayoacha 1 ni tasa. Aliyegeuza maneno ni msikilizaji. Na 3 hatukumwamini kwa kumpenda. Pépin alithibitisha kwamba kwa namba hizi ushahidi wa 3 unakwenda pande zote mbili.

Hapo niliona kijana ameshinda raundi hiyo, nikasema hivyo. Mwalimu hakukasirika. Alisema alikuwa anasafisha njia ya kufika kwenye hoja yake halisi, nayo ni hii.

MWALIMU: Tuseme Pépin ni sahihi, nami nakubali, uthibitisho wake naujua. Lakini kipimo cha F24 kinadai kuzidisha mara 16,777,215. Kila mara unazidisha namba yenye tarakimu zinazofika milioni tano kwa yenyewe, unagawa, unachukua baki. Hakuna mtu aliyeifanya kazi hiyo, imefanywa na mashine. Sasa tarakimu moja iteleze kwenye hatua ya milioni tatu. Kila kinachofuata ni takataka. Na takataka nayo, mwishoni, haitakuwa lile baki linalotakiwa. Unaona hatari? Namba ikiwa si tasa, mashine itasema “si tasa”. Mashine ikikosea, nayo itasema “si tasa”. Kosa na ukweli wamevaa kanzu moja. Kwa Euler hali haiwi hivyo. Akikosea, 641 inakataa kugawanya, na kosa linajitaja lenyewe.

Naomba msomaji arudie maneno hayo polepole. Nimesoma maelezo kadhaa kuhusu namba hizi, na sikumbuki kuona shaka hii ikiwekwa wazi namna hii. Hii ndiyo shaka ya kweli, na asiyeijibu hana haki ya kudai kwamba F24 si tasa.

KIJANA: Ina jibu, na waliofanya kazi hiyo walilijua. Ni watu watatu: Mayer, Papadopoulos na Crandall. Wawili wa kwanza kila mmoja aliendesha kipimo chote, toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa programu yake na mashine yake. Walikuwa wakilinganisha mabaki njiani. Crandall akafanya kitu cha tatu. Alichukua mabaki yaliyohifadhiwa njiani, akaikata safari yote vipande, akavigawa kwa kompyuta nyingi, nazo zikahesabu upya kwa njia nyingine kabisa, ya namba kamili tupu bila desimali. Kila kipande kilianzia pale kilichotangulia kilipoishia. Mabaki yakalingana.

MWALIMU: Kulingana si kuthibitisha.

KIJANA: Hapa ni karibu sana na kuthibitisha. Mashine moja ikikosea, inatua mahali popote katika uwanja wa namba zenye tarakimu milioni tano. Ya pili ikikosea kivyake, nayo inatua popote. Ili zikudanganye, makosa mawili yasiyojuana lazima yatue kwenye punje moja ya mchanga. Wanafunzi wako wawili, waliokaa vyumba tofauti, wakikuandikia jibu moja lenye tarakimu milioni tano, utasema wamebahatisha?

MWALIMU: Nitasema wameibiana.

KIJANA: Ndiyo maana waliandika programu tofauti.

Mwalimu alikubali kwamba imani yake imepanda, lakini akasema bado kuna tofauti kati ya kitu anachoweza kukikagua mezani kwake na kitu anachosimuliwa. Akatoa kisa cha Cole. Mwaka 1876 Lucas wa Ufaransa alikuwa ameonyesha kwamba 2 kwenye kipeo cha 67, kutoa 1, si tasa, bila kutaja kigawo. Ni namba ya tarakimu 21. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati huko New York, Frank Nelson Cole aliitwa kutoa mada yake. Husimuliwa kwamba hakufungua mdomo. Alikwenda ubaoni, akaikokotoa ile namba mpaka ikasimama 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287. Majibu mawili yakawa mamoja. Akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi.

MWALIMU: Kwa nini walipiga makofi, mwanangu? Habari kwamba namba si tasa walikuwa nayo kwa miaka 27. Walipiga makofi kwa sababu siku hiyo ndiyo waliijua.

KIJANA: Mimi kisa hicho nakidai kiwe changu. Cole alipomaliza, je, neno lolote la Lucas lilibadilika? Hata moja. Na si Cole peke yake. F7, tarakimu 39: Morehead alionyesha kwa mkono mwaka 1905 kwamba si tasa, vigawo vyake vikapatikana 1970, miaka 65 baadaye. F8 ikatangazwa 1909, ikafunguliwa 1980. F14 ikatangazwa 1963, na kigawo chake cha kwanza, chenye tarakimu 54, kikaonekana 2010. Kila mara mtoto alipopatikana, alikuta cheti kimetangulia na kimesema kweli.

MWALIMU: F7 ilifunguliwa yote. F14 mmeona mtoto mmoja, wengine bado. Usichanganye.

KIJANA: Nimesahihishwa. Lakini sasa naomba niulize: kujua namba ni kujua nini? F24 naijua kwamba mwishoni ina 7. Ukiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa 0 na 1, ni 1, ikifuatwa na sifuri 16,777,215, kisha 1. Ukitoa 2 kwayo, unapata zao la namba zote za Fermat zilizotangulia, tangu 3 hadi F23. Kwa hiyo haichangii kigawo hata kimoja na yoyote kati ya hizo: kigawo cha shirika kingelazimika kugawanya 2 pia, na namba hizi zote ni witiri. Hayo yote nimeyajua bila kumwona mtoto.

MWALIMU: Hayo ni ya umbo lake. Yangekuwa kweli hata kama ingekuwa tasa. Nipe jambo moja ambalo limejulikana kwa sababu ya kile cheti.

Kijana alifikiri kwa muda mrefu. Jibu alilolitoa lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia siku ile.

KIJANA: Rula na bikari. Mwaka 1796 Gauss, akiwa na miaka 18, alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Baadaye ikajulikana kanuni nzima, na Wantzel akaifunga mwaka 1837: idadi ya pande ikiwa witiri, umbo linachorwa ikiwa tu vigawo tasa vya idadi hiyo ni namba za Fermat zilizo tasa, na hakuna kinachojirudia. Sasa umbo la pande F24. Kama F24 ingekuwa tasa, lingechorika, walau kwa akili. Kwa kuwa si tasa, na haichangii kigawo na namba nyingine yoyote ya Fermat, halichoriki. Milele. Cheti kimefunga mlango huo, na hatukumhitaji mtoto yeyote asimame pale kuufunga.

MWALIMU: Hilo nimelipokea.

Nikawauliza wote wawili: haya yanamhusu nini mtu anayetuma fedha kwa simu? Kijana ndiye aliyeanza. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, watu wa MIT, Marekani, walitengeneza kufuli la siri kwa kuzidisha namba mbili tasa kubwa na kuutangazia ulimwengu zao lake. Kila mtu anaruhusiwa kuliona zao. Mwenye vigawo peke yake ndiye afunguaye. Mwaka huo huo jarida la Scientific American lilichapisha namba yao yenye tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeifungua. Ilifunguliwa 1994, kwa nguvu za watu waliojitolea wapatao 600 na kompyuta zao. Namba ya tarakimu 250 ya familia hiyo ilifunguliwa Februari 2020. Zinazolinda tovuti nyingi leo zina tarakimu 617. Kompyuta ndogo ya mezani inatambua mara moja kwamba namba ya ukubwa huo si tasa. Kuifungua, hakuna aliyeweza.

MWALIMU: Basi umeniunga mkono. Fedha za watu zinalindwa na kitu tusichokijua. Kama kujua kwamba si tasa kungekuwa ndiko kuijua namba, mwizi angekuwa na kila kitu. Mwizi ana cheti. Anachokosa ni watoto. Nenda kamwambie mwizi kwamba namba ameshaijua.

KIJANA: Anaijua, ila si kwa namna inayofungua mlango. Mama mdogo, hapa kuna kazi mbili, si kazi moja iliyofika nusu. Mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Agrawal, Kayal na Saxena, walithibitisha kwamba ipo njia ya uhakika, na ya haraka kwa kipimo cha wataalamu, ya kuamua kama namba yoyote ni tasa au si tasa. Kwa kutafuta vigawo, njia kama hiyo kwa kompyuta tulizo nazo hakuna anayeijua, na hakuna aliyethibitisha kwamba haiwezekani. Kufuli zote hizo zinaning'inia kwenye pengo hilo.

MWALIMU: Mnajua kwamba. Hamjui kwa ngapi.

KIJANA: Hapo tunakubaliana.

Kama mwenyekiti nilitakiwa kutoa uamuzi, nami nautoa bila kuuma maneno. Hoja imeanguka. F24 imejulikana, na anayesema haijajulikana mpaka vigawo vionekane anailazimisha hesabu nzima ipite kwenye mlango mmoja wa kuzidisha. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kwa hakika hatuyajui kwa kuyashika mkononi. Tunayajua kwa sababu kinyume chake hakiwezekani.

Lakini Mwalimu ameacha kitu mezani, na sitaki msomaji akipite. Shaka yake juu ya mashine, kwamba kosa na ukweli hutoa jibu moja, ni shaka ambayo kila mwalimu wa hesabu na wa kompyuta angepaswa kuipeleka darasani. Tunawafundisha watoto kuamini kinachotoka kwenye kikokotoo. Hatuwafundishi kuuliza: kama kifaa hiki kingekosea, ningejuaje? Mayer, Papadopoulos na Crandall walijiuliza hivyo kabla ya kutangaza. Bila swali hilo wangekuwa na takataka ya tarakimu milioni tano, na tusingeweza kuitofautisha na ukweli.

Kwa wenye moyo wa kutafuta, mahali pa kuanzia panajulikana. Kile kipimo cha Euler cha 64 kwa F5, kilichonolewa baadaye na Lucas, kinasema hivi kwa F24: kigawo chake chochote lazima kiwe 67,108,864 mara namba fulani, ongeza 1. Hadi ninapoandika haya hakijapatikana hata kimoja.